Chapati ya Pili

Kabla sijaona chochote katika nyumba ile, nilisikia makofi. Pa, pa, pa-pa. Kisha kimya cha pumzi moja. Kisha pa, pa, pa-pa tena. Nilikuwa nimelala juu ya kitanda nisichokijua, katika chumba nilichoingia jioni iliyotangulia taa yake ikiwa imeungua, na giza lilikuwa bado limejaa mpaka darini. Makofi yalitoka upande wa pili wa ukuta. Hayakuwa ya watu wanaoshangilia. Yalikuwa laini, ya mtu mmoja, kana kwamba mtu huyo alikuwa akijipongeza kwa siri kabla dunia haijaamka. Nikajitanda mtandio, nikapapasa ukuta hadi mlangoni, nikafuata sauti. Jikoni nilimkuta mwanamke mzee mwenye msuko mmoja mweupe uliomfika kiunoni, amesimama mbele ya tawa la chuma, kikaango bapa cha chapati, akirusha donge la unga kutoka kiganja hadi kiganja mpaka likawa chapati, wala hakuitazama mikono yake. Alikuwa akitazama nje dirishani, ambako hakukuwa na kitu cha kuona.

"Naamka wewe," akaniambia kwa Kiswahili, bila kugeuka. "Kaa. Kula kwanza, soma baadaye."

Mwezi uliopita, miaka mingi baada ya alfajiri ile, Manjit, mwana wa mwanamke yule, alinipigia simu kuniambia kwamba mama yake, Biji, amefariki. Alianza kwa Kiingereza, kisha akatumia neno moja kati ya maneno machache ya Kiswahili anayoyajua: "Basi." Sijawahi kusikia neno dogo namna ile likibeba mzigo mkubwa namna ile. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamka alfajiri katika nyumba yangu ya sasa, ghorofani, juu ya mto Parramatta, nikisikiliza ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu. Nina watoto sasa, nina nywele za mvi ninazozificha, nina vitabu vyenye jina langu mgongoni. Lakini watu wakiniuliza ni wapi nilikojifunza kuwatazama binadamu, jibu langu ni mwaka ule mmoja katika jiko la Merrylands, kitongoji cha mji huu huu wa ugenini, nilipokuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nikisoma chuo mchana na jioni nikiwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na nikidhani kwamba tayari ninajua kila kitu.

Biji lilikuwa jina ambalo kila mtu alimwita, maana yake kwa Kipunjabi ni mama, na hata mwenye duka la nyama la jirani, asiyewahi kumuuzia chochote kwa kuwa hakula nyama, alimwita hivyo. Alizaliwa Moshi, baba yake akiwa fundi wa gereji, na akaondoka akiwa msichana kwenda kuchumbiwa Punjab. Kiswahili chake kiligandia pale pale alipokiacha: Kiswahili cha gereji na cha jikoni, cha kuagiza na kukaripia, kisicho na muda wa mapambo. "Mimi Kalasinga ya Moshi," alipenda kusema, akilitumia lile jina ambalo sisi huwaitia watu wao wa vilemba bila kuwauliza kama wanalipenda, na kucheka mpaka mabega yakatikisika. Watoto wake hawakukijua Kiswahili, ila maneno aliyoyamwaga akikasirika au akipika. Manjit, mtu mzima mwenye kilemba na lori la magurudumu mengi, aliniambia kwamba mpaka anaanza shule aliamini "sufuria," "kelele" na "pumbavu" ni Kipunjabi safi. "Nilimwita mwalimu wa hesabu pumbavu," alisema. "Nilidhani naongea lugha ya mababu zangu. Kumbe naongea ya mababu zako."

Chumba nilichopangishwa kilikuwa cha mtu. Sikuhitaji kuambiwa. Juu ya rafu kulikuwa na vikombe vya ushindi vya mchezo wa netiboli, na taa ilipowekwa mpya niliona darini nyota za plastiki, zile zinazong'aa gizani, zimebandikwa na mtu aliyekuwa na ngazi fupi na subira ndefu. Nilimuuliza Biji chumba ni cha nani. "Ya Simran," akasema, akafungua bomba la maji kwa nguvu zote, akaanza kuosha sahani ambayo ilikuwa safi. Nikaelewa kwamba jina lile lilikuwa na mlango, na mlango ule umefungwa kwa ndani.

Katika majuma yale ya kwanza nilipata somo ambalo sikulitegemea. Biji alipotoa chapati kwenye tawa nilinyoosha mkono wa kulia, kama nilivyolelewa, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyofanya kwetu. Yeye akaishika chapati hewani, ikitoa mvuke, wala hakuniachia. Nikadhani nimechelewa kusema asante. Nikasema. Chapati ikabaki hewani. "Mikono mbili," akasema. "Mkono moja ya kunyakua. Mbili ya kupokea." Nikaikusanya mikono kama mtu anayeomba dua, na chapati ikadondoka ndani yake, moto mpaka nikaruka. Naye akacheka. Tangu siku hiyo nilipokea kila kitu katika nyumba ile kwa mikono miwili, hata funguo, hata simu, na mpaka leo mwanangu akinipa kalamu kwa mkono mmoja kitu fulani ndani yangu husita.

Habari za Simran nilizipata kwa vipande, kama mtu anavyoipata hadithi katika nyumba isiyo na lugha yake. Kupitia ukuta ule ule wa makofi nilisikia Manjit na mama yake wakibishana kwa Kipunjabi, na katikati ya mto ule wa maneno nisiyoyajua jina la Simran likaibuka na kuzama, likaibuka na kuzama, mpaka Biji akapiga kelele kwa Kiswahili, "Basi! Basi!" Kesho yake Manjit alikuwa uani akiosha lori. Nikampelekea chai, nikamuuliza kama nimewakosea jambo lolote kwa kulala katika chumba kile.

"Wewe?" akasema. "Wewe ni baraka. Chumba kikiwa tupu mama anakifagia kutwa mara mbili." Akazima mpira wa maji. Kisha akaniambia. Simran, dada yake mdogo, alikuwa ameolewa na kijana wa Kilebanoni wa Bankstown, kitongoji kingine cha mji, muuza matairi, Mwislamu. Baba yao alisimama kwenye kizingiti cha nyumba ile na kusema kwamba Simran hatavuka tena mlango wake. Hakupiga, hakutukana, alisema tu. Kisha akaugua, na kabla hasira haijapoa akafa.

"Sasa baba hayupo," nikasema.

"Ndiyo tatizo lenyewe. Mama anasema mwenye neno ameondoka na neno lake. Nani abaki wa kulifuta? Mimi nimelia, nimepiga magoti, nimewaleta wazee. Anasema, 'Nitamdanganya marehemu katika nyumba yake?'"

"Lakini mimi pia ni Mwislamu," nikasema, na sauti yangu ikatoka ndogo kuliko nilivyokusudia. "Na nimelala kitandani kwake."

Manjit aliutazama mkono wake uliolowa. "Mama aliposikia kwenye simu kwamba wewe ni Mtanzania, hakuuliza kingine. Baadaye alipokuona na mtandio, akasema, 'Huyu binti anafunika kichwa vizuri kuliko sisi.' Hivyo ndivyo alivyo. Hana chuki hata ya kuazima. Ana neno la mumewe tu, na hajui aliweke wapi."

Siku nyingi nililala na kuamka chini ya nyota za Simran nikilifikiria neno lile. Nilikuwa katika umri wa kuona mambo kuwa rahisi. Niliona mlango, niliona kitasa, na nikaona kwamba kinachotakiwa ni mkono tu. Sikujua bado kwamba mwanamke anaweza kumpenda mtoto wake na kumwogopa marehemu wake kwa kipimo kimoja, na kusimama katikati miaka nenda rudi akikanda unga.

Aprili ikafika. Nimejaribu mara nyingi kuandika Aprili ile na imenishinda, kwa sababu ilikuwa Aprili tatu kwa pamoja. Kwetu ilikuwa masika. Mama yangu alinitumia ujumbe kwamba mvua imebeba ndara za watoto. Merrylands ilikuwa majira ya kupukutika. Miti ya barabarani ilikuwa imeanza kuwa myekundu, na jioni iliuma masikio. Lakini ndani ya Biji, ambaye alikuwa hajaliona shamba la ngano tangu uchumba wake, ngano ya Punjab ilikuwa imeiva. Alitembea nyumbani kama mtu mwenye mashamba. Alifua, alipiga pasi mitandio ya rangi ya machungwa, alinunua gunia la unga ambalo Manjit alilibeba begani. "Vaisakhi," aliniambia, akiupigapiga ule unga kama mgongo wa mtoto. "Mavuno. Na siku ya sisi Kalasinga kuwa Kalasinga. Wewe nakuja. Leta rafiki. Leta yeye yule ya kelele."

Rafiki wa kelele alikuwa Espérance, Mkongomani wa Uvira, aliyefanya kazi nami zamu za jioni kwa wale wazee. Alikuwa akiwainua wanaume wazima kutoka kitandani huku akiwaimbia, na hakujua kunong'ona.

Tulilisikia hekalu lao, gurdwara, kabla ya kufika: ngoma kubwa mbili zikijibizana, na sauti za watu wengi zikipanda na kushuka kwa pamoja. Uani nguzo ndefu ya bendera ilikuwa imelazwa chini. Wanaume na wanawake walikuwa wameivua nguo yake ya mwaka mzima, iliyopauka kwa jua, na sasa walikuwa wakiiosha nguzo yenyewe kwa maziwa yaliyochanganywa na maji, kwa viganja vitupu, taratibu, kama sisi tulivyokuwa tukiwaosha wazee wetu. Nilisimama pale viatu vyangu mkononi. Mtoto mchanga alibebwa ili naye aiguse. Kisha wakaivika nguo mpya ya rangi ya machungwa, wakavuta kamba, na nguzo ikainuka juu ya mapaa ya magari, juu ya nyaya za umeme, na mngurumo ukatoka katika vifua vya watu nikausikia kwenye nyayo. Machozi yalinitoka, na sikuwa na dini yao, wala lugha yao, wala ngano.

"Ah, dada," Espérance akasema, naye akijifuta kwa ncha ya kitenge alichojifunga kichwani. "Mungu iko na nyumba mingi kabisa."

Ukumbi wa chakula ulikuwa chini. Mazulia marefu marefu yalikuwa yametandikwa kwa mistari, na watu wote walikaa chini bega kwa bega: wenye suti, wenye makoti ya ujenzi, bibi mmoja Mzungu na mkoba wake, wanafunzi wenye njaa waliokuja kwa ajili ya njaa tu. Wagawaji walipita na ndoo za dengu, mboga na wali wa maziwa, wakijaza sinia za chuma. Hakuna aliyeulizwa.

"Kila mutu?" Espérance akanong'ona, yaani ukumbi nusu ukasikia. "Hata jina hawaulizi? Hata kikaratasi cha kuonyesha weye ni nani?"

"Hata kikaratasi," nikasema.

"Miye nilikaa kambini miaka, dada. Nilijua chakula iko na mustari, na mustari iko na polisi." Akatikisa kichwa, akala, akatikisa tena.

Manjit alikuwa amekaa kushoto kwangu. Nilihisi bega lake likikaza. "Yule," akasema bila kunyoosha kidole. "Wa shali ya kijani. Ng'ambo yetu."

Nikamwona Simran. Alikuwa na uso wa Biji, ila ulikuwa haujakauka. Chini ya shali tumbo lilikuwa kubwa, na alikaa ameegemea mkono mmoja nyuma kama wanavyokaa wajawazito. Manjit naye alikuwa halijui tumbo lile. "Anakuja kila mwaka," akaniambia haraka. "Anakaa kwenye mstari. Mama anagawa chapati. Hapa mgawaji hachagui wa kumpa, na aliyekaa hachagui nani ampe. Hata adui yako ukimkuta amekaa, unampa. Wanaonana siku hii tu. Mama angeweza kwenda kuosha vyombo. Kila mwaka anachukua kapu la chapati."

Biji alikuwa ametokea mwanzoni mwa mstari, kapu kiunoni, mtandio wa machungwa umeteleza kidogo nyuma ya msuko. Alikuja akiinama, akidondosha, akiinama, akidondosha. Chapati yao haiwekwi mkononi. Huachiwa kutoka juu, kiasi cha shibiri, na mikono miwili huidaka. Hivyo ndivyo mama na binti walivyokuwa wamefanya miaka yote: shibiri moja ya hewa kati yao. Nilitamani kugeuza uso na sikuweza. Alimpa bibi wa mkoba. Alimpa kijana wa koti la ujenzi. Simran akaikusanya mikono yake miwili, akainua macho.

Biji akaachia chapati. Ikatua. Akapiga hatua ya kumfikia mtu wa pili, na hapo ndipo macho yake yalipoteremka kutoka mikononi mwa binti hadi tumboni. Akasimama. Nyuma yake mgawaji wa dengu, mzee mwenye ndoo nzito, nusura amgonge. Mstari mzima ukasubiri, mikono imekusanywa, hakuna aliyejua inasubiri nini. Kisha Biji akarudi ile hatua. Akatoa chapati ya pili kapuni. Hakuidondosha. Aliinama mpaka goti likagusa zulia, akaiweka juu ya ile ya kwanza, akafunika mikono ya mwanawe kwa mikono yake yote miwili, unga na samli na vyote, akabana.

"Kula," akasema.

Hilo neno Simran alilijua. Lilikuwa katika yale machache ya Kiswahili. Akaitikia kwa kichwa, na Biji akainuka, akaendelea na mstari, akiinama, akidondosha, mpaka mwisho wa ukumbi. Mimi niliikuta sinia yangu imepoa. Nimeona mambo makubwa tangu siku ile, nimeona watoto wangu wakizaliwa, lakini sijui kama nimewahi kuwa karibu hivyo na kitu kisicho na jina.

Jioni tulikaa jikoni Merrylands, mimi, Biji na Espérance, tukinywa chai yenye iliki. Mimi ningenyamaza mpaka kiama. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Espérance, niliyekuwa nimemsimulia yote njiani, akaweka kikombe chini.

"Mama Biji. Tafazali usikasirike. Muzee alisema mutoto asiingie. Njo vile?"

Biji akakoroga chai yake.

"Alisema na weye usitoke?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akauondoa mguu wake. "Mama yangu iko Uvira," akasema, na mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilishuka. "Kama kulikuwa barabara, mama, ningeenda na miguu. Weye, barabara iko. Hata basi iko."

"Kelele!" Biji akasema. Akainuka, akavichukua vikombe vyetu vikiwa bado na chai, akavimimina. Espérance akavaa koti akiwa anacheka kwa aibu, akaniambia mlangoni, "Sasa miye nimefukuzwa kwa watu wasiofukuza mutu."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa ngumu. Manjit aliporudi safari akamwomba mama yake wazungumze, naye akageuza uso. Mara moja nilimkuta Biji amesimama ukumbini, ndani ya mlango wa mbele, mlango ambao yeye hakuutumia, kwa maana siku zote alipita wa jikoni. Alikuwa ameuwekea kiganja, kama mtu anayepima homa.

Kisha asubuhi moja ya katikati ya juma niliamshwa na harufu. Unga ulikuwa ukikaangwa katika samli, pole pole, mpaka unakaribia kuungua na hauungui. Jikoni kulikuwa na lozi zilizopondwa, sukari, iliki, tangawizi kavu, na Biji akikoroga kwa mwiko mrefu, jasho limemlowesha kope.

"Nini hii, Biji?"

"Panjiri."

"Ya nani?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito. "Binti akiwa na mimba, nani nampikia panjiri? Serikali?" Akaonja, akaongeza sukari. "Mama yake."

Alipomaliza aliijaza ndani ya kopo kubwa la bati, akalifunga kwa kitambaa. Akaoga. Akavaa nguo ya samawati ambayo sikuwahi kuiona, akausuka upya msuko wake mbele ya kioo cha ukumbini. Nikamwambia kwamba Manjit atarudi Jumamosi, atampeleka kwa gari. "Jumamosi mbali," akasema. Nikamwambia basi, nitamsindikiza mpaka Bankstown, chuo kinaweza kungoja. "Wewe soma. Mimi natoka Moshi mpaka hapa. Bankstown itanishinda?" Nikamwandalia shali, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Hakwenda upande wa jikoni. Alisimama mbele ya ule mlango wa mbele, kopo limekumbatiwa kifuani, na akazungumza na mlango kwa Kipunjabi, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mke anayemwambia mumewe kwamba anakwenda dukani. Sikuelewa ila neno moja, Sardarji, ambalo ndilo alilomwitia mumewe maisha yao yote. Akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Akageuka kwangu, na uso wake ulikuwa wa msichana.

"Manjit nakupiga simu, sema Biji iko kwa mtoto yake."

Akaufungua mlango, akausukuma na ule wa wavu kwa kiwiko, akateremka ngazi na kopo lake, na mlango ukajifunga nyuma yake.